Mlango wa Gari la Mzee

Majirani walimwita Bwana Harusi, na hawakuwa wakimsifu. Alihamia kwa wakwe zake na sanduku moja muda mfupi baada ya kuoa, ajisitiri mpaka apate chumba. Kila chumba kilipopatikana, baba mkwe alikitia kasoro: hapa kuna unyevu, pale mwenye nyumba ana mdomo. Mwishowe watu wakasema yeye ndiye aliyeolewa. Naye alicheka nao, maana mgeni wa kudumu hachagui mizaha.

Kazi yake ilikuwa kupiga rangi magari. Lakini lilikuwapo gari moja ambalo hakuruhusiwa hata kulipangusa: la mzee mwenyewe, baba mkwe wake, la rangi ya fedha yenye chembechembe za kumetameta, lililokaa gereji nyuma ya nyumba, limefunikwa shuka kama mgonjwa.

"Gari hili," mzee alipenda kusema wakila, "tangu nilinunue halijaguswa na msasa."

Hapo wote waliinamia sahani zao. Walikuwa wakimfikiria kaka wa mke wa Bwana Harusi, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, aliyeligonga langoni gari lililotangulia. Mzee alimtoa nyumbani siku ile ile, na hajarudi tena.

Basi mzee akasafiri kwenda kumtazama dada yake mgonjwa. Alipanda basi, gari akaliacha, maana barabara kuu, alisema, ina kokoto. Hajafika hata anakokwenda, mama mkwe akabanwa na kifua. Binti yake, mke wa Bwana Harusi, hakungoja ushauri wa mtu. Alitwaa ufunguo wa gari lile, akamkimbiza mama zahanati. Mama akapata dawa, pumzi zikamrudia. Lakini wakati wa kutoka zahanati, mlango wa dereva ulikwaruzana na kona ya ukuta.

Alimpigia mumewe huku analia.

"Ni kadogo, kama ukucha wa kidole gumba. Lakini chuma kinaonekana."

"Mzee anarudi lini?"

"Kesho jioni."

Kesho yake Bwana Harusi aliomba ruhusa kazini, akaazima kompresa ndogo ya kupulizia rangi, akajifungia gerejini. Alifunga dirisha pia, vumbi lisiingie. Bati la paa lilikuwa limeshika joto, na ndani ya barakoa alikuwa akivuta pumzi zake mwenyewe.

Rangi ya kawaida ukiipaka imekwisha. Ya chembechembe haina urafiki huo. Ukipuliza karibu mno, chembe zinazama na doa linakuwa jeusi. Ukipuliza kwa mbali mno, linapauka. Ndiyo maana fundi hakomei kwenye doa. Huanzia pale, kisha huenda akiulegeza mkono, rangi mpya ipotelee ndani ya ile kuukuu, na mwisho hupiga vanishi mlango mzima.

Alianza na msasa wa maji. Aliposugua kingo za mkwaruzo, chini ya rangi kikatokea kitu cha waridi hafifu. Akasugua tena, taratibu. Ilikuwa puti ya kuzibia mabonyeo, nene, iliyotandazwa kutoka kwenye kitasa hadi karibu na bawaba. Mlango ule uliwahi kubonyea vibaya, na fundi fulani hodari akauziba.

Mkewe aligonga. "Inakwendaje?"

"Rudi ndani, utaniletea vumbi."

Hakumwambia. Angemwambia nini? Alipuliza rangi ya kwanza. Ukisimama mbele ya mlango ilikubali. Ukisogea ubavuni, doa lilikutazama kama jicho. Akaisugua yote, akaanza upya, akapanua eneo. Kila alichoficha kilimdai afiche na cha jirani yake. Safari hii rangi ilitulia. Akabadilisha kikombe cha bomba la rangi, akamimina vanishi, akaanza juu ya mlango kushuka chini.

Ndipo aliposikia sauti ya mzee uani. Amepata lifti, amewahi.

Gereji ilikuwa na mlango mmoja tu. Bwana Harusi aliganda na bomba la rangi mkononi, vanishi bado inateleza kama maji. Mlango ukafunguliwa.

Mzee alitazama magazeti yaliyobandikwa kwenye vioo. Nyuma yake alisimama binti yake, mikono kichwani.

"Nani?" mzee akauliza.

"Mimi, baba," binti akasema. "Nilimpeleka mama—"

"Mwanangu wa kiume aligonga nikamtoa. Wewe una nini cha zaidi?"

Bwana Harusi alivua barakoa. "Baba, chini ya rangi nimekuta puti."

Mzee alijikalisha juu ya ndoo tupu.

"Fundi wa dukani huenda—" alianza.

"Acha, baba watoto." Mama mkwe alikuwa amefika, kajishikiza ukutani, khanga begani. "Ulikwepa mbuzi ukavaa mti. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni."

"Mama!" binti akamgeukia. "Unajua, na kaka yuko nje miaka yote hii, ukanyamaza?"

"Nilinyamaza," mama akasema. "Ukiolewa humu, mwanangu, unajifunza."

Kompresa ilinguruma, ikajizima. Mzee alinyanyuka, akaukaribia mlango, akautazama mbele, akautazama ubavuni. Hakuona kitu.

"Umelipoteza doa kabisa," akasema taratibu. Kisha akamshika mkwewe bega, kwa mara ya kwanza tangu amjue. "Mambo ya chumba cha kupanga sitaki kuyasikia tena. Anayeijua nyumba namna hii hatoki. Utakaa hapa."

Lilikuwa ni pendo, au kitu kilichovaa nguo za pendo. Bwana Harusi alisikia uzito wa mkono ule mpaka miguuni.

Usiku haujaingia, binti alimpigia kaka yake, akafungulia spika ya simu mumewe asikie. Alimsimulia yote. "Rudi nyumbani, kaka. Sasa hana la kusema."

Kaka akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshiba. "Nirudi wapi? Dada, lile lango nililigonga kusudi. Nilikuwa natafuta sababu ya kutoka, nikaikosa mpaka nikaiunda. Nyinyi je, mnaondoka lini?"

Walitazamana. Binti alitaka kujibu, lakini kutoka gerejini sauti ya mzee iliita, changamfu, kama ya mtu aliyetua mzigo mahali pazuri.

"Mkwe! Hebu njoo. Nyuma huku kuna kadoa kengine, kako siku nyingi. Na kwenye bampa pia."

Bwana Harusi akachukua msasa, akaenda.