Posa Iliyotoka Ndani ya Gunia

Enzi hizo, katika kijiji cha Kafru Dawud, pamba ilikuwa na heshima kuliko watu. Ikishachumwa ililala vyumbani, na wenye nyumba wakahamia juu ya paa. Mgeni akija alikaribishwa uani, penye kuku, kwa sababu sebule ilikwisha kaliwa na pamba kutoka sakafuni hadi kwenye boriti. Kwa Haji Shalabi mambo yalizidi. Yeye alikuwa bahili wa pamba kuliko wa chakula, na msimu mzima hakutoka nje ya lango lake, asije jirani akapita na uzi mmoja kwenye kanzu.

Siku ya kushindilia, gunia kubwa lilitundikwa kati ya nguzo mbili, refu kuliko mtu mrefu na kilemba chake. Mshindiliaji alitumbukia ndani, akamiminiwa pamba kutoka juu, akaikanyaga. Akamiminiwa tena, akakanyaga tena, naye akipanda kidogo kidogo pamoja na pamba hiyo, mpaka kichwa kikachomoza, kisha mabega, kisha kiuno. Njia nyingine ya kutoka haikuwepo. Aliyeingia humo alitoka kwa jasho lake. Na ili asichoke aliimba, na wanawake waliokuwa wakijaza makapu uani wakamwitikia kila ubeti.

Hakuna aliyeiweza kazi hiyo kama Metwali. Mungu alimjalia unene, miguu mipana, na sauti iliyowafanya hata nyati wa kufugwa waliolala majini wainue vichwa. Alikwisha fiwa na mke, hakuwa na mtoto, na duniani aliogopa kitu kimoja tu, nacho ni kuzungumza na Insafu, dada yake Haji Shalabi. Insafu alikuwa mjane, mrefu, mwenye ulimi wa kutosha nyumba mbili. Metwali alimpenda vibaya sana. Kijiji kizima kilijua. Punda walijua.

Kila mwaka alijiapiza kwamba atamposa baada ya pamba. Pale kwetu kila jambo lilikuwa baada ya pamba: harusi, kanzu mpya, hata jino bovu lilingoja. Lakini wenzake walipokuwa wakioana baada ya pamba, Metwali alikuwa akikohoa, akitazama vidole vyake vya miguu, mpaka pamba nyingine ikapandwa. Mwanamume wa namna hiyo unatamani umkumbatie na umpige kofi kwa mkono huo huo.

Mwaka ule basi, Metwali alikuwa chini kabisa ya gunia, pamba ikimfika magotini, na Insafu yuko juu ya ngazi akimimina makapu, lango likafunguka. Aliingia Fikri, mwenye duka la vyakula katika mji mdogo wa stesheni, amevaa koti juu ya kanzu na kukumbatia pia ya sukari, bonge lililochongoka kama mnara, lililofungwa kwa karatasi ya buluu. Haji Shalabi akamketisha kwenye mkeka pale pale chini ya gunia, maana hakuwa tayari kuiacha pamba peke yake hata kwa ajili ya mgeni.

"Haji, mimi sina maneno mengi," Fikri alisema baada ya chai. "Nimekuja kumtaka dada yako."

Ndani ya gunia miguu ilisimama. Wimbo nao ukakatika katikati.

"Metwali," Haji Shalabi aliita bila kugeuka, "pamba haishindiliwi kwa mawazo."

Metwali akaanza tena kukanyaga na kuimba, lakini alichoimba mwenyewe hakukijua. Aliunganisha wimbo wa bwana harusi na wa kuaga mahujaji, na wanawake wakamwitikia hivyo hivyo, kwa sababu kuitikia walikwisha kuzoea, kusikiliza ndiko walikoacha zamani.

"Wewe ni mtu na duka lako," Haji Shalabi alikuwa akisema. "Mimi sina pingamizi. Tuachie tu pamba iishe."

"Pamba si ndiyo hii inamalizika? Tusome Fatiha sasa hivi, Haji. Kheri haicheleweshwi."

Fatiha ikisha kusomwa na mikono iko juu, neno limefungwa, na kulifungua ni kuziaibisha nyumba mbili. Metwali alijaribu kuparamia, lakini gunia lilikuwa laini pande zote na halikumpa pa kushika. Akatazama juu. Uso wa Insafu ulikuwa umejaa kwenye mdomo wa gunia.

"Umesikia?" alimnong'oneza.

"Nimesikia."

"Haya?"

"Mimina, Insafu. Mimina haraka nipande, nije niseme na kaka yako."

"Simimini."

"Wallahi nitachelewa."

"Umeshachelewa. Kila mwaka unaniambia kwa macho, baada ya pamba, baada ya pamba. Pamba haina baada, Metwali. Ikiisha hii ipo nyingine. Sema huko huko uliko."

"Humu guniani?"

"Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako," akasema Insafu, akakumbatia kapu lake asimwage hata unyuzi.

Hapo Metwali aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani. Kumwogopa Insafu alikwisha zoea, ni kama kuishi na mguu mbovu. Leo alimwona ameketi nyuma ya mizani ya Fikri mpaka uzee, na yeye Metwali akipita nje ya duka na kukohoa. Kooni hakukuwa na maneno. Kulikuwa na nyimbo tu, kwa hiyo ukatoka wimbo, kwa sauti yake yote:

"Haji Shalabi, namtaka dada yako!"

"Namtaka dada yako!" wanawake wa makapu waliitikia kwa pamoja, kisha wakatazamana, mikono vinywani.

Kuku mmoja alipita. Haji Shalabi aliweka chini gilasi ya chai.

"Nani kasema hivyo?"

"Gunia," alisema Fikri.

"Ni mimi Metwali," gunia likajibu. "Nakuja."

"Posa gani hii?" Haji Shalabi alisimama, uso umemwiva. "Mposaji hukaa mbele za watu akaonekana. Wewe hata kofia yako siioni."

"Aliye chini mngoje juu," alisema Insafu, na hapo sasa akamimina. Alimimina kapu juu ya kapu, wanawake wakimpandishia mbio mbio kama watu wanaozima moto, na gunia likatikisika mpaka nguzo zikalia.

Fikri hakuwa mjinga. Aliinua viganja vyake. "Haji, tusome."

"Subiri kidogo," alisema Haji Shalabi. Alikuwa amelikaribia gunia na kulipapasa. Lilikuwa gumu kama ukuta. Akalipigapiga, akaliminya, na macho yakamlainika, maana penye pamba na yeye alikuwa na moyo. Hata hivyo akajikaza. "Insafu, shuka tuzungumze. Huyu ana duka. Yule ana nini?"

Insafu hakushuka.

"Kaka, huyu nimenunua sukari kwake tangu nikae eda, na sijapata kuona mizani yake bila kidole gumba juu yake, mchana kweupe, mbele ya macho yangu. Yule yuko gizani, hapana anayemwona. Tia mkono kule chini, pembeni, uone kama kuna mahali alipoacha bila kukanyaga."

Haji Shalabi aliinama na kuminya pembe ya chini, na ya pili. Zote zilikuwa ngumu kama jiwe. Fikri alichukua pia yake ya sukari, akaikumbatia kama alivyoingia nayo, akatoka.

Kichwa kikachomoza. Kilikuwa cheupe chote, nyusi, masharubu, masikio, macho mawili tu mekundu katikati. Yakafuata mabega, kisha kiuno, na Metwali akajikuta uso kwa uso na Insafu juu ya ngazi, karibu hata akaisikia pumzi yake. Insafu akamtoa pamba kwenye masharubu kwa ncha za vidole, wala hakufanya haraka.

"Haya, shuka basi," Haji Shalabi aliita kutoka chini, sauti yake imekwisha poa. "Shuka tusome Fatiha kama watu."

Metwali alilishika gunia kwa mikono miwili.

"Nisomeeni hapa hapa, Haji," alisema. "Nikishuka nitaogopa tena."

Wakasoma hivyo hivyo, wao uani na yeye guniani, shingo zimewauma kwa kutazama juu.