Maneno Ambayo Masudi Hakuyasema

Masudi aliacha kusali akiwa na miaka thelathini na moja, na hakuficha. Ramadhani ya mwaka 1973 alikula ugali mchana, uani kwa wazazi wake katika mtaa wa Manika, mjini Kolwezi, na dada yake Zena alipomuuliza kama anaumwa, akajibu kwamba haumwi, ila haamini tena kwamba kuna Mungu.

Majirani walitafuta sababu. Wengine walisema ni pombe, naye hakunywa. Wengine walisema amerogwa huko Dilolo, alikokwenda na lori kuchukua chumvi na samaki. Yeye alieleza tu kwamba dua zilimtoka kidogo kidogo, safari baada ya safari, mpaka siku moja akagundua zimekwisha na hakuna kilichobadilika.

Baba yake, mzee Swedi, aliyefika Kolwezi kijana kutoka Kasongo akiuza vitambaa, hakumfukuza. Kila lori liliporudi alikuja kukaa juu ya gurudumu kuukuu, Masudi akiwa chini ya injini, wakabishana.

"Ni nani aliweka shaba mu udongo huu?"

"Sijui, tata."

"Unaona? Haujui."

"Kama sijui, nasema sijui. Siweke jina la mutu pale."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Umepotea. Lakini haunidanganye. Batoto ya benzangu banakuja mu musikiti juu ya kuogopa baba zao."

Mwezi wa pili wa mwaka 1975 tumbo la mzee lilivimba. Daktari alimtazama mara mbili, kisha akasema arudishwe nyumbani. Masudi aliacha safari zake akawa anamgeuza kitandani, anamfulia shuka, anamlisha uji kwa kijiko. Alhamisi moja jioni mzee alimshika kifundo cha mkono.

"Wewe ni mutoto wangu wa kwanza. Siku ile, utasimama mbele yangu, uniombee?"

Masudi angeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi, na baba yake asingekuwepo kuhesabu kama limetimizwa.

"Nitakuosha, tata. Nitachimba kaburi na mikono yangu. Lakini kusema maneno juu yako yenye siamini, siwezi."

Mzee Swedi aliuachia mkono wake akageukia ukutani. Siku mbili zilizofuata alizungumza na mkewe, mama Mwamini, alizungumza na Zena, alimwomba msamaha jirani mmoja kwa ugomvi wa zamani. Lakini kwa Masudi mzee hakusema neno tena. Jumamosi, jua likiwa bado juu, akafa.

Mwalimu Amadi wa msikitini alifika na sanda. Alikuwa rafiki wa marehemu tangu Kasongo, macho yake yalikuwa mekundu. Alimkuta Masudi mlangoni na ndoo ya maji ya moto, akamzuia kwa kiganja kifuani, bila ukali.

"Mwenye kuosha ni Mwislamu. Sema shahada, mwanangu. Hapa tu, mbele yangu na mama yako. Kisha uingie."

"Mwalimu, nikiisema utajua ni uongo."

"Mi siko polisi wa roho ya mutu. Sema na kinywa. Ile ingine ni kazi ya Mungu."

Masudi alimtazama mama yake. Mama Mwamini alikuwa ameketi sakafuni, akimsubiri. Ndoo ilikuwa nzito mkononi. Masudi akaiweka chini.

"Baba yangu alijua mi ni mutu wa namna gani," alisema. "Siwezi kuwa mwingine juu amekufa."

Binamu yake alichukua ndoo akaingia. Masudi alibaki nje ya ukuta, akasikia maji yakimwagwa, yakisimama, yakimwagwa tena. Alipojua kwamba wamefika miguuni, alichukua koleo akaenda makaburini.

Hakuna aliyemkataza kuchimba. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na kila alipoteremka maji mekundu yalijaa shimoni, akawa anayachota kwa kopo la mawese. Barnabé alimfuata na koleo lake. Alikuwa jirani, Mkatoliki, mfanyakazi wa kiwanda cha shaba. Kwenye karatasi za serikali, iliyopiga marufuku majina ya Kizungu, jina lake la ubatizo lilikuwa limefutwa akawa Mbuyu, lakini mtaani walimwita vilevile kama zamani. Walichimba kwa zamu, hadi Barnabé alipoegemea mpini.

"Bibi yangu, mama ya batoto yangu, iko kule, karibu na ule ukuta. Kama ningefikiri iko tu mu udongo, na basi, singelala."

"Na mi silali," Masudi alijibu.

Barnabé akaendelea kuchimba.

Wakati wa sala safu zilijipanga, binamu yule akiwa mbele, mahali ambapo Masudi angesimama. Yeye alisimama nyuma pamoja na Barnabé na wafanyakazi wenzake, wasio wa dini hiyo. Wao walivua kofia. Masudi hakuwa na kofia ya kuvua, akashindwa kujua mikono aiweke wapi.

Siku ya tatu alimpelekea mama yake mkaa. Alimkuta peke yake, anachambua mchele wa hitima.

"Usiku ule ulipomukatalia," alisema bila kuinua macho, "baba yako alisema: mutoto ule hatanidanganya hata nikikufa. Nilimuuliza kama ni sifa ao ni laana. Hakunijibu."

Masudi aliketi karibu yake.

"Mi ningetaka umudanganye," alisema mama Mwamini. "Neno moja. Angeenda na roho imetulia, na wewe ungebaki na ile uongo yako. Ni kitu gani?"

Masudi alivuta ungo karibu. Alimsaidia kuchambua mchele mpaka watu walipoanza kuingia na misahafu, ndipo akaondoka.

Mwaka uliofuata alihamia Lubudi. Zena alipoolewa, mahari aliipokea mjomba, na barua ya kumwalika ilimfikia harusi imekwisha. Mama Mwamini alimtembelea mara moja, kwa treni. Alasiri ilipofika alitazama huku na huku chumbani. Masudi aliondoa vyuma vya lori, akafagia kona, akatandika shuka safi, akamwekea maji ya kutawadha. Kisha akasimama nje, akasubiri.

Mama alisali muda mrefu. Alipotoka alimrudishia shuka ameikunja vizuri, kisha akamwomba maji ya kunywa.