Wajawazito Thelathini na Nane, Namba Moja

Siku mkwe wangu alipoingia kwenye kituo chetu cha afya na kasha la vishikwambi, nilijua nimepatikana. Nyumbani binti huyo, mke wa mwanangu wa kwanza, hunipokea mfuko mlangoni na kuniuliza kama chumvi imetosha. Hapa alisimama mbele yetu wauguzi saba, mwalimu kamili wa mfumo mpya wa kumbukumbu, akisema, "Mama, bonyeza hapo. Si kwa kucha, mama, kwa kidole."

Nimepokea watoto miaka thelathini na moja. Rejista yangu ya kliniki ya wajawazito ina jalada jeusi, na mgongo wake nimeuziba kwa plasta ya vidonda. Wenzangu wananiita Bibi Rejista, nami sijawahi kuona tusi ndani yake.

Mwaka huo nilikuwa na mjamzito mmoja aliyeninyima raha. Ni fundi cherehani, mwembamba, mdomo haulali. Mimba yake ya kwanza ilifika miezi minane, presha ikampanda, mtoto akatoka bila kulia. Mimi ndiye niliyemfunika yule mtoto shuka. Aliporudi na mimba ya pili nilimwambia, "Huyu utatoka naye mlangoni, umempakata." Mkunga mwenye akili hatoi ahadi kama hiyo, lakini ilishanitoka.

Basi, mafunzo. Tuliambiwa kila mjamzito aingizwe kwenye kishikwambi papo hapo, akiwa amekaa mbele yako: jina, umri, presha, namba ya simu. Mimi nilikuwa nadonoa kama kuku, na wanawake kwenye benchi wananitazama. Nani akubali aibu hiyo uzeeni? Nikajitungia utaratibu wangu. Asubuhi naandika kwenye rejista, alasiri watu wakishatawanyika najifungia chumba cha chanjo na kuhamishia yote kwenye kishikwambi. Mkwe akichungulia namwambia, "Kazi inakwenda, mwanangu," naye anaondoka ameridhika.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Kishikwambi hakisogei bila namba ya simu. Wengine hawana simu, na wengine nilisahau kuwauliza asubuhi. Nikakipatia dawa yake: nikakiwekea namba pekee ninayoijua kwa kichwa, yaani yangu. Kikapita bila ubishi, nikajiona mjanja kweli.

Haikuchukua muda simu yangu ikaanza kuletewa vituko. "Mama mpendwa, usisahau vidonge vya kuongeza damu." "Mama mpendwa, hudhurio lako ni Jumatano." Nikadhani ni matangazo, kama yale ya bahati nasibu, nikawa nafuta. Nina miaka hamsini na saba, hudhurio la nini?

Jumanne moja fundi alikuja asubuhi, mimba ikiwa na wiki thelathini na nne. Presha ilikuwa mia na thelathini na nane. Inayotushtua sisi ni mia na arobaini, kwa hiyo nikaandika nikafunua ukurasa. Akasema kichwa kinamgonga. Nikamtania, "Acha kutunga uzi gizani, wewe." Akacheka, akaenda zake.

Saa tisa alasiri nilikuwa nimemaliza kuwaingiza wanawake sita wa siku hiyo. Simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni.

"Mama mpendwa, presha yako inaendelea kupanda. Usisubiri. Rudi kituoni leo."

Kwanza nilisonya. Kidole kilishafika kwenye kufuta, ndipo lile neno "leo" likanizuia. Presha ya nani? Ujumbe haukuwa na jina. Nikakamata kishikwambi, nikafungua nisichokitaka na kufunga nilichokitaka. Kila siku nawaambia wanawake wanaoficha dalili zao, mficha uchi hazai. Na mimi nilikuwa nimejifungia mlango kwa ufunguo.

Nikaufungua. Nikamwita mkwe wangu mbele ya wenzangu wote. "Mwanangu, nimeharibu. Njoo haraka."

Nilimweleza yote, hata ule ujanja wa namba. Akaitafuta namba yangu. Wajawazito thelathini na nane walikuwa nayo. Muuguzi wa chanjo akaziba mdomo kwa kiganja, na mimi nikasubiri kusemwa.

"Siku niliyofundisha habari za ujumbe ulikuwa chumba cha kujifungulia, mama," mkwe akasema taratibu. "Nilipaswa kukurudia. Kosa ni letu sote."

Akabonyeza aliyetumiwa ujumbe wa saa tisa, mstari ukajichora. Mia na kumi na mbili. Mia na ishirini. Mia na ishirini na tisa. Mia na thelathini na nane. Presha za mwanamke mmoja, zinapanda kama mtu aliye kwenye ngazi. Kwenye rejista yangu kila moja ilikuwa na ukurasa wake na mwezi wake, na sikuwahi kuziona zimesimama pamoja. Juu ya mstari palikuwa na jina la fundi wangu.

"Namba ya kumpata ndiyo hii yako," mkwe akasema. "Anapatikana wapi?"

"Hicho chako hakijui. Mimi najua. Twende."

Tulimkuta kibandani kwake, nyuma ya duka la misumari, amelaza kichwa kwenye meza ya cherehani. Viatu alikuwa amevua, miguu imevimba. "Nesi, leo silioni tundu la sindano," akasema. "Ngoja nimalize pindo hili."

"Pindo litamalizwa na mwingine," nikamwambia, nikamshika mkono.

Hospitali walimlaza siku hiyohiyo. Siku ya nne wakampasua wakamtoa mtoto wa kike, kilo mbili kasoro, mwenye sauti ya mtu mzima anayedai haki yake. Nilikuwa nje ya mlango. Niliposikia kile kilio nikakaa sakafuni na sare yangu nyeupe.

Wanawake wengine thelathini na saba niliwarudia mmoja mmoja, kwenye benchi, mchana kweupe, kwa kidole kimoja. Asiye na simu alitoa ya dada au jirani. "Hapo chini, nesi! Umepitiliza!" wananielekeza, wanacheka, nami nacheka nao. Namba ya fundi tu sikuigusa. Alisema, "Iache yako, nesi. Jumbe zikifika kwako zimefika."

Wiki tatu baadaye alitoka mlango wa hospitali amempakata mwanawe. Jioni hiyo tulikuwa mezani nyumbani, simu yangu ikalia karibu na sahani ya mume wangu. Akaiinua, akarekebisha miwani, akasoma kwa sauti: "Mama mpendwa, hongera kwa kujifungua salama. Mlete mtoto apimwe uzito."

Akashusha simu. "Mama watoto, haya mambo umeyafanya lini?"

Mkwe wangu alicheka mpaka akaangusha kijiko. Nikacheka naye, nafuta machozi. Nikachukua simu yangu, nikausoma ule ujumbe mara ya pili, na huo sikuufuta.