Aliyelala kwa Honorata

Wanunuzi walimpita Niyokwizera kana kwamba hakuwapo. Dagaa wake walikuwa wamekauka vizuri, weupe, hawana hata chembe ya mchanga. Lakini wanawake waliotoka Kigoma mjini walienda kununua kwa wenzake. Tangu surua iingie Ilagala, hakuna aliyempa mkono.

Jirani yake Honorata ndiye aliyetangaza kwamba ugonjwa uliletwa na shangazi yake Niyokwizera, aliyekuja kumsalimu kutoka Burundi. Hilo ndilo lililomkata maini. Honorata ndiye aliyempokea alipohamia pale, akamgawia mahali pa kuanika, akamzalisha kwa mikono yake alipojifungua mwanawe, Yohani. Kumbe ndiye atakayesimama mkutanoni kumnyooshea kidole. Shangazi aliondoka analia. Yohani alipona surua, ila jicho la kulia likabaki na ukungu mweupe, halioni.

Leo Leodgar, mganga mfawidhi wa zahanati, aliwaita watu tena. Majibu ya ute aliouchukua kooni mwa watoto yalikuwa yamerudi kutoka maabara. Akaeleza taratibu kwamba kirusi nacho kina ukoo. Wataalamu wakisoma vinasaba vyake wanajua kimetokea wapi. Hiki cha Ilagala hakikuvuka mpaka. Ni kile kile kilichokuwa kikisumbua watoto Dar es Salaam. Akauliza ni nani aliyepata mgeni kutoka huko kabla watoto hawajaanza kuugua.

Macho yote yalimwendea Honorata. Esther, binti wa dada yake, alikuja kutoka Dar. Watu walimwona akifika na begi lake, kisha hakuonekana nje kwa siku nyingi.

Niyokwizera akakumbuka. Siku hizo alikuwa amekwenda Ujiji kuuza, akamwacha Yohani alale kwa Honorata. Alipomfuata alikuta pazia la chumba cha ndani limeshushwa, mtu anakohoa nyuma yake. Honorata alisema ni vumbi la safari.

Baada ya mkutano alimkuta Honorata ufukweni, ameketi peke yake.

"Ulijua?"

Honorata hakuinua uso. "Niliona vipele. Nikaogopa watu watatukimbia."

"Na mwanangu ukampokea."

"Ningekataa, ungeniuliza kwa nini."

Niyokwizera alitafuta tusi, la Kirundi au la Kiswahili, lolote, asilipate. Akageuka, akaondoka.

Jioni wanawake wawili walikuja kununua kwake. Walimwita dada, wakamsifia dagaa, wakacheka naye kama zamani. Aliwapimia, akapokea fedha. Kisha akamshika Yohani mkono, wakashuka majini kunawa.

Boti la injini lilikuwa linapita mbali. Mtoto alizungusha kichwa chote kulitafuta.

"Mama, linakwenda wapi?"

"Kaskazini, upande wa Burundi."

Yohani alilisikiliza mpaka mlio ukafifia, maji yakimpanda na kumshuka miguuni.