Mtetezi Niliyemchagua

Sajini Lemburis alishamwambia Meja kwamba mimi, Loishiye, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, nilitoroka lindo pale kambini Arusha. Mwongo mkubwa! Alinituma mwenyewe nikamletee pombe mtaani Levolosi.

Meja akanikazia macho. “Unakubali adhabu yangu, au unataka mahakama ya kijeshi? Huko una haki ya kuchagua mtetezi.”

“Nataka mahakama, afande. Mtetezi wangu ni Sajini Lemburis.”

Meja akacheka. Lemburis hakucheka. Tulitahiriwa pamoja, na kwetu Waarusha, ukimkataa mwenzako wa rika anapokuomba umsimamie, hakuna boma litakalokufungulia tena.

Akaigusa mistari ya usajini mkononi mwake, akaja kusimama kando yangu.

“Afande,” akasema, “nilimtuma mimi.”