Nilivyojituma Kazini

Usiku wa kuamkia leo nimeota niko kazini. Jambo hilo liliniudhi hata ndani ya ndoto, maana huko nashinda kutwa nzima, angalau usingizi wangeniachia.

Kazi yetu ni kushona sare za shule, hapa Iringa. Tangu mwezi uliopita hatuna msimamizi. Mkurugenzi alimwondoa, akatutangazia kwamba sasa sisi ni timu inayojiongoza na kila mtu ajitume, kisha akaenda zake akatuachia kiti kitupu. Msimamizi huyo alikuwa na desturi moja: mtu akikosea anasimamishwa mbele, na sote tunampigia makofi matatu. Yeye kaondoka, makofi yamebaki. Wiki iliyopita tulimpigia Tumpe wa vifungo, na hakuna aliyetuagiza.

Mimi ndiye mchora pateni, ile michoro ya kukatia vitambaa. Ijumaa jioni, nikiwa nakunja nguo zangu nyumbani, niligundua kwamba nimechora mikono yote ya mashati upande mmoja. Leo saa mbili asubuhi fundi Kihwele anakata mashati mia sita, na kila shati litakuwa na mikono miwili ya kushoto. Sikuwa nimemwambia mtu. Niliogopa, nasema kweli.

Basi, katika ndoto tuko kwenye kikao cha asubuhi. Kiti kitupu ndicho kinachoongoza.

"Tuko pamoja?" kinauliza.

"Tuko pamoja," tunaitikia, kama kawaida yetu.

Papo hapo tunakuwa pamoja kweli, watu watano ndani ya shati moja, vifungo vimefungwa hadi shingoni. Kihwele akivuta pumzi, mimi naishiwa. Tumpe anawashwa mgongo na anaukuna wangu. Shati linatubana, lakini kila mmoja anasubiri mwenzake alalamike.

Kabla hajalalamika mtu, niko peke yangu kwenye geti la kiwanda. Mlinzi anamhoji mwanamke aliyeshika mkoba. Mwanamke anasema jina lake ni Motisha. Mlinzi anataka kujua kama ni Motisha wa nje au wa ndani, apate kuandika kwenye daftari. Anajibiwa kwamba wa nje ni dada yake, anakuja siku za sherehe tu na kofia za kugawa. Yeye ni wa ndani, ila amefungiwa nje. Mlinzi anamwelekeza kwenye benchi. Kwa mujibu wa daftari, benchi hilo amelikalia miaka mitatu.

Nakaa karibu yake. Ananitazama mikono, nami naitazama. Yote miwili ni ya kushoto.

"Una jambo," anasema. "Jitume."

"Najitumaje?"

"Kama unavyomtuma mtu mwingine. Mwambie aende, na umwambie akaseme nini."

Inaonekana ni rahisi. Najiambia: wewe Sikitu, nenda kamwambie fundi asikate, mwambie umekosea. Najiona nainuka kutoka mwilini mwangu, navaa viatu, naondoka bila kugeuka nyuma. Mimi niliyebaki naanza kumsubiri mimi niliyetumwa. Mtu huyo namfahamu vizuri. Anaweza kusimama njiani kusalimia kila mtu, akarudi akasema hakumkuta fundi.

Benchi sasa liko chini ya meza ya kukatia, na mimi bado nimelikalia, nimeinamisha kichwa. Naona miguu ya wenzangu imeizunguka meza. Juu, mkasi unakohoa kidogo.

"Kuna mwenye neno?" unauliza mkasi.

Mguu wa Tumpe unaukanyaga wa Kihwele, kisha unajifanya haukukusudia. Nafahamu ghafla kwamba nao wameiona ile mikono. Wameiona tangu Ijumaa, kila mtu kivyake.

"Mara ya pili. Kuna mwenye neno?"

Nafungua kinywa na sauti haitoki. Sauti sina, nimeondoka nayo. Mlangoni yameanza kuingia makofi, moja, mbili, tatu, yanajipanga ukutani na kuuliza aliyekosea ni yupi. Hakuna anayeyajibu, kwa hiyo yanaamua kusubiri.

"Mara ya tatu," unasema mkasi, na unafunguka.

Ndipo nasikia viatu vyangu vinakuja ukumbini kwa haraka.

Nikaamka. Ilikuwa saa moja kasoro, shuka limelowa jasho. Nikatoka nje kutafuta maji ya kunawa. Mama Mgovano, mwenye nyumba wangu, alikuwa anafagia uani. Aliponiona alisimama, akanitazama juu mpaka chini.

"Sikitu, umerudi saa ngapi?"

Nikamwambia sijaenda popote, ndiyo kwanza naamka.

"Acha utani, mwanangu. Si nimekufungulia geti mwenyewe, saa kumi na mbili? Nimekuuliza mbona mapema hivi, ukaniambia kuna kosa lako unakwenda kulisema kabla hawajakata."

Nilirudi chumbani nikatazama nyuma ya mlango. Viatu vyangu havipo. Nimekaa kitandani miguu mitupu, nasubiri nirudi nijue wamenijibu nini.