Kiti Karibu na Mlango

Mwanamume aliyezoea kumjibu mkewe kila kitu kwa "mm" hawezi kuamka siku moja akauliza, "Na wewe, mke wangu, ulijisikiaje?" Hawezi, labda awe mgonjwa au awe na jambo. Fundi alimpapasa paji la uso akakuta hana homa. Basi ana jambo.

Fundi ndilo jina alilojulikana nalo mtaa mzima, maana cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, na hakuna sare ya shule pale jirani ambayo haikupita kwenye sindano yake. Hata mumewe alimwita hivyohivyo. Fundi, chumvi iko wapi, Fundi, nimerudi. Hili la "mke wangu" lilianza pamoja na chuo. Mume alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, na kiwanda kilikuwa kimejitolea kumlipia asome jioni chuo kikuu, usimamizi wa biashara na rasilimali watu, kwa ahadi kwamba akimaliza atatolewa kwenye vumbi la stoo aingizwe ofisi ya utumishi, avae tai. Shati la kwanza la chuo Fundi alilishona mwenyewe, na akajivuna nalo kwa majirani mpaka wakamchoka.

Sasa alianza kujuta. Mume akirudi alikaa kumkabili, simu kaifudikiza mezani, macho kayakaza usoni pake.

"Kuna mteja leo kanitia hasira," Fundi alimwambia jioni moja. "Kitambaa kakileta jana, nguo anaitaka leo."

"Kwa hiyo unasema mteja amekutia hasira," mume akasema taratibu.

"Si ndivyo nilivyosema? Mbona unanirudishia maneno kama kasuku?"

"Nakusikiliza, mke wangu."

"Kumbe siku zote ulikuwa hunisikilizi?"

Mume akatikisa kichwa kwa upole, upole ule wa kuudhi, kama daktari mbele ya mtoto anayeogopa sindano. Fundi aliona afadhali angegomba, maana mtu anayegomba unajua yuko wapi.

Halafu yakaja ya mezani. "Mchuzi huu umeupika kwa moyo, mke wangu," mume alisema. "Lakini chumvi imezidi. Hata hivyo, bila wewe nyumba hii isingesimama."

"Chumvi tu," Fundi akasema, "nyumba nzima imeingiaje?"

Kuanzia hapo akaanza kumchunguza. Kila neno tamu lililotoka kwenye kinywa cha yule bwana lilikuwa na "lakini" nyuma yake. Umependeza, lakini tumechelewa. Una akili sana, lakini bei ya umeme imepanda. Fundi akawa akisikia sifa hafurahi tena, anakaa tu kuisubiri hiyo lakini, na ikija anapumua.

Shoga yake mwenye saluni, ambaye aliwasuka nusu ya wanawake wa mtaa na kwa hiyo alizijua siri za nusu nyingine, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. "Mume akianza kukusikiliza, shoga yangu, ujue kuna mwingine anayemfundisha kusikiliza," alisema huku meno yameshika kitana. "Na dalili ya mvua ni mawingu."

Fundi akasema mume wake si wa mambo hayo. Alipofika nyumbani akanusa mashati yote.

Mtu ambaye angeweza kumwambia haya ni kaka yake mkubwa, ila kumwambia kulikuwa na hatari, kwa sababu Winchi alikuwa na mikono mikubwa kuliko subira. Kiwandani walimpa jina hilo kwa jinsi alivyoinua magunia, na sasa alikuwa mkuu wa wapakiaji. Wazazi walipofariki ndiye aliyemlea Fundi, akambebea mizigo mpaka cherehani ikanunuliwa. Hata kazi ya stoo, mumewe aliipata kwa sababu Winchi alisimama langoni akamwambia meneja, "Huyu ni mtu wangu, akiiba nikateni mimi." Watoto wa Winchi walikuwa bado shule, na kula yao ilikuwa mgongoni mwake.

Winchi hakuwahi kupita mlango wa mbele. Aliingia kwa jikoni, akakaa kwenye kigoda chake karibu na jiko, akafunua masufuria bila kuuliza. "Shemeji yangu msomi yuko wapi?" alipenda kusema. "Anasomea rasilimali watu! Mimi nilidhani rasilimali ni mbao na mafuta, kumbe na sisi tumo. Basi na mimi nipimwe kwa lita."

"Wanasema kiwanda kinaleta mashine ya kupakia," Fundi alimwambia siku moja. "Ni kweli, kaka?"

"Wananiletea mdogo wangu mwingine. Ila mashine haijui kutukana. Nani amewahi kupakia lori bila matusi?" Akacheka mpaka kifuniko kikamponyoka.

Jioni Fundi alimuuliza mumewe swali hilohilo. Mume akaweka kijiko chini, akamtazama machoni. "Naelewa kwa nini unauliza," akasema. Alielewa, lakini hakujibu. Fundi alipaswa kushtuka hapo hapo. Tatizo ni kwamba siku hizo alikuwa anamtafuta mwanamke, na anayetafuta mwanamke haoni kitu kingine.

Akamfuata chuoni. Alivaa kanga ya kichwa mpaka kwenye nyusi, kana kwamba mumewe asingemtambua kwa mwendo, akapita kati ya majengo akichungulia madarasa. Joto lilikuwa kali na madirisha yote yalikuwa wazi. Kwenye darasa la mwisho akamwona. Mume wake, ndani ya shati alilomshonea yeye, amekaa uso kwa uso na mwanamke mwenye gauni la buluu. Mezani kati yao kulikuwa na glasi ya maji na leso iliyokunjwa vizuri.

"Nataka ujue kwamba nakuthamini sana," mume alikuwa akisema, kwa sauti ile ile ya mchuzi. "Kwa muda wote tuliokuwa pamoja umenipa mengi."

Yule mwanamke akaficha uso, mabega yakaanza kutikisika. Fundi alivua kandambili akaishika mkononi. Hakuwa na mpango wowote zaidi ya huo.

"Lakini tumefika mahali ambapo njia zetu hazina budi kutengana."

Hapo Fundi akasita. Anamwacha? Kumbe ana wa kumwacha?

"Simama hapo!" Mwalimu, mama mmoja mnene mwenye miwani, akajitokeza kutoka nyuma ya darasa, na darasa zima likapiga makofi. Mwanamke wa buluu akainua uso mkavu, akacheka. "Maneno ni mazuri," mwalimu akasema. "Kiti chake pia umekiweka vizuri, karibu na mlango. Anayeachishwa kazi asilazimike kupita mbele za watu na machozi yake. Kosa ni maji. Maji yasogezwe kabla hujasema, si baada. Mtu akishapigwa na habari, mkono haufiki kwenye glasi."

Fundi akavaa kandambili yake. Alicheka njia nzima, peke yake, hadi watu wakampisha. Kumbe ndiyo masomo! Ule usikivu wote, zile sifa, ule mchuzi uliosimamisha nyumba, yote yalikuwa kazi ya nyumbani. Siku ya pili alikwenda saluni kuhadithia, akaigiza mpaka wateja wakafuta machozi.

Shoga yake peke yake ndiye hakucheka sana. "Haya," akasema. "Na huko kote kujifunza kufukuza, anajifunza kumfukuza nani?"

"Si mazoezi tu, jamani!"

Shoga akasonya, akaendelea kusuka.

Basi mume aliposema, "Jumapili nimemwalika kaka yako, tule pamoja," Fundi alifurahi. Akapika kwa raha. Winchi alikuja amepiga pasi, akaingia kwa jikoni kama kawaida yake na kuvuta kigoda.

"Leo kaa huku, shemeji," mume akamwita kutoka sebuleni.

"Huku wanakaa wateja."

"Njoo tu."

Wakala vizuri, wakacheka. Fundi akakusanya vyombo akaenda kuviweka kwenye beseni, na aliporudi na kitambaa cha kufutia meza akasimama kizingitini. Mume alikuwa anahamisha kiti. Winchi alikuwa amekaa kwenye kochi, na mume alimnyanyua kwa adabu, "Hapa pana joto, shemeji, kaa hapa upate hewa," akamweka kwenye kiti cha mbao. Kiti chenyewe alikuwa amekivuta mpaka karibu na mlango.

Kisha akaweka leso mezani. Kisha, kabla hajasema neno, akasogeza glasi ya maji mpaka kwenye mkono wa Winchi. Kosa la darasani hakulirudia.



"Kwanza, shemeji, nataka nikushukuru," mume akaanza. "Mimi niko stoo, naona kila anayeingia na kutoka. Lile bomba la kiwandani lilipopasuka, watu walikimbia, wewe ukarudi ndani kutoa magunia ya magadi ya sabuni ili wenzako wasikatwe mshahara. Hilo nililiona. Na vijana wako, hakuna hata mmoja aliyewahi kuvunjika mgongo. Wa zamu nyingine wanavunjika. Wako hawavunjiki, kwa sababu kila mgeni unamfundisha kwanza kukunja magoti, unamsimamia, unarudia, huchoki..."

Winchi alikuwa na kijiti cha meno mdomoni. Kikaacha kucheza. Uso wake mkubwa ulikuwa unafunguka kidogo kidogo, na Fundi, aliyekuwa anaisubiri ile lakini, hakuweza kuvumilia zaidi.

"Kaka, unaachishwa kazi!" akapaza sauti. "Usimsikilize. Hayo yote ni ya kukulainisha, nimeona wanavyofundishwa. Maji hayo ni ya kufukuzia. Kiti hicho ni cha kufukuzia!"

Mume akageuka kumtazama mkewe.

"Najua," Winchi akasema.

"Unajua?"

"Mashine imeletwa wiki iliyopita. Nani unadhani aliishusha kwenye lori? Tuliishusha sisi." Akatoa kijiti mdomoni akakitazama. "Mtu akiambiwa ashushe jeneza, haulizi kama kuna msiba. Lakini wewe, mdogo wangu, kwa nini hukumwacha amalize?"

"Amalize nini, kaka?"

"Alikuwa amefika kwenye magoti." Sauti ya Winchi ilikuwa ya chini, si ya kutukania malori. "Nimebeba ujana wangu wote pale. Meneja anaujua mgongo wangu, jina langu halijui. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hayo. Hata wewe hukuwahi kuniambia. Endelea, shemeji. Vijana hawavunjiki migongo, halafu?"

Mume alijaribu. Akatazama glasi kana kwamba sentensi inayofuata imo mle ndani. "Walitaka wakupe barua kupitia mlinzi wa getini," hatimaye akasema. "Nikawaambia hapana, nitasema mimi. Mtu aliyesimama getini kwa ajili yangu hawezi kufukuzwa na geti. Nikajifunza jinsi ya kusema. Nimejifunza miezi, shemeji. Nimejifunzia mpaka kwenye chumvi ya mke wangu."

"Na haya uliyosema," Winchi akamuuliza, "ni yako au ni ya chuo?"

"Ni yangu."

Machozi yalikuwa yanamtoka mume, na leso ya mgeni ameishika yeye. Fundi alimtazama kwa makini. Alitaka kumwamini. Moyo wake wote ulitaka. Lakini yule mwanamke wa gauni la buluu naye alitikisa mabega vizuri, akainua uso mkavu.

Winchi hakuuliza tena. Alichukua glasi, akanywa maji mpaka tone la mwisho, akairudisha mahali ilipokuwa. "Mimi nayachukua," akasema. "Ya chuo, ya kwako, nayachukua. Nikiwaambia watoto nimeachishwa, nitawaambia na hayo."

Akainuka. Mlango wa mbele ulikuwa pale pale ubavuni pake, angenyoosha mkono tu. Aliutazama, akacheka kidogo. "Mimi natoka nilikoingilia," akasema, akakipa kiti kisogo. Akapita sebule nzima mbele yao, polepole, mashavu yamelowa wala hajayafuta, akapita jikoni, akakisukuma kigoda chake kwa mguu mpaka mahali pake chini ya meza. Kisha wakasikia mlango wa nyuma.

Fundi alikwenda kuosha vyombo kwa sababu vyombo havingojei. Baada ya muda mume akaja, akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani moja moja. Tangu waoane hakuwahi kukausha sahani. Hilo nalo Fundi akalipima, na hakujua aliweke upande upi.

"Fundi," mume akasema. Hakusema mke wangu. "Katika dunia hii, mtu niliye naye ni wewe."

Fundi akatulia, mikono ndani ya maji ya povu, akaingoja ile lakini. Mume akakausha sahani ya mwisho. Akakianika kitambaa, akakinyoosha, akasimama palepale. Lakini haikuja. Maji yakapoa, na Fundi bado alikuwa anaingoja.